Nakshi zangu zote zinafanana na maandazi: wachonga mbao, nimekosea wapi?

PatasiButu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Tanga, kwa hiyo mtanisamehe nikianza kwa kuhesabu. Nina miezi minane tangu nishike patasi mara ya kwanza na nimeshachonga mbao 11. Zote nimezipanga barazani. Juzi mtoto wa jirani akasimama akazitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, haya maandazi unauza?"

Yale "maandazi" ni mawaridi. Mwaka jana nilikwenda Unguja harusini, nikapita Mji Mkongwe, nikasimama mbele ya mlango mmoja karibu nusu saa. Kwenye miimo, zile mbao za kusimama pande mbili za mlango, palikuwa na mawaridi yamepandana kutoka chini mpaka juu, na jua la saa kumi lilikuwa likipiga ubavuni. Nilipitisha kidole. Tangu siku ile sijatulia.

Ninachotaka kujifunza si vinyago vya kusimama. Nataka nakshi ya kuinuka: ua linabaki juu, mbao inayolizunguka inashushwa. Matatizo yangu ni haya:

Ua likiisha, sehemu fulani za ukingo zimekatika safi na nyingine zimekwanyuka kama zimetafunwa na panya. Chini, pale nilipopunguza mbao, pana mabonde na vilima. Na nikirudi nyuma hatua tatu, ua halionekani, naona ubao wenye uvimbe.

Vifaa: seti ya patasi sita za mpini wa njano nilizonunua Kariakoo, nyundo ya chuma, msasa. Mbao ni vipande vya mninga anavyonipa fundi wa samani hapa mtaani. Karakana ni meza ya chakula, na mwenye meza ameanza kulalamika.

Picha za ubao wa 3, wa 7 na wa 11 nimeweka. Msinionee huruma.

Kigodoro77

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ubao wa 7 mwalimu ni andazi la iliki, halina mjadala.

MjasiriaKinondoni

Mwalimu unajitesa. Siku hizi mashine ya kompyuta inachora mlango mzima wewe umekaa unakunywa chai. Unaleta picha kwenye flashi, unalipa, unaondoka. Miezi minane kwa maua 11, hesabu gani hiyo?

BintiBobari

@MjasiriaKinondoni mtu kauliza namna ya kupika, wewe unamtajia hoteli.

Mwalimu, nangoja wakubwa waseme kwanza, ila picha zako zote umepiga chini ya taa ya dari. Nitarudi kwenye hilo.

MzeeWaMiimo

Assalaam alaykum. Miye nimekata nakshi Unguja tangu ujana wangu, sasa macho yamepungua na kazi nyingi wanafanya vijana, miye nasimamia na kugomba. Mjukuu ndiye anayenichapia hapa.

Mwalimu, kabla sijasema lolote juu ya ua, nijibu moja. Patasi zako unanolea wapi?

PatasiButu

Wa alaykum salaam mzee wangu. Nasema kweli mbele ya umma: kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Saruji.

Kigodoro77

😂😂 Hilo jina lako hukulichagua, lilikuchagua.

MzeeWaMiimo

Usimcheke, wengi wameanzia hapo. Lakini mwanangu, weye hujachonga mbao 11. Umezipiga.

Patasi ya dukani haiji na makali, inakuja na umbo la makali tu. Tafuta kinoo cha pande mbili, upande mkwaruzo na upande laini. Kama hukupata, nenda kwa wanaopaka rangi magari, nunua msasa wa maji namba 400, 800, 1500 na 2000, ubandike juu ya kipande cha kioo kinene. Kioo hakina bonde, na ndilo jambo unalolitaka. Anza na 400, malizia na 2000. Ubavu ulioinama wa patasi ulale wote juu ya msasa, usiunyanyue mkono katikati. Kwa mninga wako weka mwinamo wa digrii kama 25. Kwa mbao laini hata 20 yafaa. Digrii unazijua kuliko miye.

Ukinoa vizuri, upande wa pili patatokea kiuzi chembamba cha chuma, unakihisi kwa kidole, huwezi kukiona. Hicho ukikiacha kitakatika ndani ya mbao na makali yataondoka nacho. Kitoe kwa kusugua patasi kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba. Vuta kurudi nyuma tu. Ukisukuma mbele utakata mkanda. Halafu kila baada ya robo saa ya kazi, rudi kwenye ngozi, mara kumi kumi. Kwenye jiwe hurudi mpaka makali yafe kabisa au yavunjike.

Na usiende kwa mwenye mashine ya kunolea nondo. Atakuchomea. Chuma kikigeuka rangi ya bluu pale nchani, ugumu umetoka, utanoa asubuhi na jioni bila faida.

Namna ya kupima: chukua kipande cha mbao laini, kata kwa kukatiza nyuzi. Alama ikibaki inang'aa kama imepakwa mafuta, patasi ni kali. Ikibaki na mistari myeupe, makali yana meno. Ikibaki na unyoya, hicho ni kijiko.

Usichonge ua lolote mpaka upate huo mng'ao. Ukipata, rudi hapa.

PatasiButu

Mzee, nimekuelewa. Narudi.

MkambaWaBandari

Salamu kutoka Mombasa. Wakati mwalimu ananoa, niseme kuhusu mbao, maana hapo naona shida nyingine.

Baba yangu alitoka Wamunyu, na huko kwetu kila mtu atakusimulia habari za Mutisya Munge, aliyeuona uchongaji akiwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akaurudisha Ukambani. Kwa hiyo ufundi wetu una deni kwenu, na leo nalipa kidogo.

Sisi zamani tulichonga muhugu na mpingo. Muhugu ukawa haba, watu wakahamia mwarobaini, mwembe, jakaranda na grevilea. Mwanzoni wazee walidharau jakaranda, eti ni mti wa kivuli. Lakini kwa anayeanza nakshi ya kuinuka, jakaranda ni zawadi: nyeupe, nyepesi, patasi inapita. Ukikosea hujapoteza pesa, na penseli inaonekana. Kwenye mninga mwekundu hata mstari wako mwenyewe huuoni usiku.

Tahadhari moja. Sisi wa vinyago tunachonga mti ungali mbichi kwa sababu ni laini. Wewe wa ubao usijaribu. Ubao mbichi ukiuchonga upande mmoja, ukikauka utajikunja kama kigae, na ua lako litapasuka katikati. Acha ukauke kivulini, si juani.

MzeeWaMiimo

Bwana wa Mombasa umesema vizuri ila hapa tutagombana kidogo. Mbao laini mno inamdanganya mwanafunzi. Patasi butu kwenye mbao laini haikati, inabonyeza, na yeye anadhani amekata. Mninga humwambia mtu ukweli siku hiyo hiyo.

Siye huku tumekata msaji zaidi, na mvule, na mfenesi kwa nyumba za wenye kipato cha kati. Msaji una mchanga wake ndani, unakula makali, lakini ukishakatwa umekatwa. Mvule nao una vijiwe, vijiwe kweli vya chokaa, patasi ikigonga unasikia "tiki" na pengo limeingia. Hizo si za mwanzo. Mfenesi ningempa, wa manjano, umetulia. Nanyi Tanga msaji mnao mlangoni, Longuza hapo Muheza, lakini usiende kununua bado.

MkambaWaBandari

Mzee, kwa heshima: huyo mwanafunzi wako amekaa na mninga miezi minane na haukumwambia kitu.

MzeeWaMiimo

Ulimwambia. Hakuwa na masikio ya kusikia kwa sababu patasi ilikuwa kijiko. Lakini sawa, na achonge zote mbili tuone.

Kigodoro77

Na paina je? Zile za Sao Hill ziko kila duka na bei ni ya walalahoi.

BintiBobari

Nimejaribu paina mwaka mzima kwa sababu ya hiyo hiyo bei. Ina mistari laini na mistari migumu imepishana. Patasi inazama kwenye laini halafu inaruka kwenye gumu. Kwa herufi kubwa za bango inakubali. Kwa petali, utalia. Ukiwa huna budi, chagua kipande ambacho mistari imesongamana sana.

MjasiriaKinondoni

Mimi bado naamini mashine. Ila endeleeni, nimeanza kupenda ugomvi wa wazee.

MzeeWaMiimo

Mashine si adui yangu. Nimeona kazi yake. Jino lake linazunguka, kwa hiyo kila pembe ya ndani huiacha na mviringo, haiwezi kukata kona kali. Wenye mashine wenyewe huleta milango yao kwa vijana wangu wazitoe zile kona kwa mkono. Nawapokea, nalipwa.

PatasiButu

Wakuu, siku 12 zimepita. Nimerudi na mng'ao.

Kioo nilipata kwa fundi wa madirisha, msasa wa maji kwa wapaka rangi wa gereji. Patasi ya kwanza ilinichukua jioni mbili, ya sita dakika 20. Nilipokata kipande cha mninga kwa kukatiza nyuzi kikang'aa, nilimwita mke wangu aje aone. Akaona. Akasema "hongera" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa ubao.

Sasa swali. Nimechonga ua la 12 kwa patasi kali. Uwanja, yaani ile mbao iliyoshushwa kuzunguka ua, umekaa vizuri zaidi. Lakini ukingo bado umekwanyuka sehemu zile zile! Niendeje?

MzeeWaMiimo

Sehemu zile zile. Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri. Weka ua lako mezani, nyuzi za mbao zilale kutoka kushoto kwenda kulia. Gawa duara robo nne. Niambie ni robo zipi zimekwanyuka.

PatasiButu

Robo ya juu kushoto na robo ya chini kulia.

Ngoja. Naenda kuangalia zile 11.

PatasiButu

Mzee!! Nimezigeuza zote 11 nyuzi zilale hivyo hivyo. Zote! Juu kushoto na chini kulia. Mbao 12, robo mbili zinazotazamana, hakuna hata moja iliyokwenda kinyume. Miezi minane nilikuwa na takwimu ukutani sikuzisoma.

MzeeWaMiimo

Kwa sababu unazunguka ua kwa upande mmoja tu, kama akrabu za saa, kuanzia juu kwenda kulia mpaka unarudi juu. Robo mbili unakwenda na nyuzi, robo mbili unazipinga.

Shika hivi. Kitu kilichotuna, kama duara la ua, anzia pale ukingo unapolala sambamba na nyuzi, yaani juu au chini, halafu teremka kuelekea pembeni, pale ukingo unapokatiza nyuzi. Kutoka juu unakwenda kulia, unasimama. Unarudi juu, unakwenda kushoto, unasimama. Chini hivyo hivyo. Mbao ikitaka kupasuka itapasukia kwenye taka, si kwenye ua. Ukichimba shimo, mambo yanageuka: anzia pembeni, nenda juu au chini.

Ndiyo sababu mchonga nakshi lazima akate kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto. Kijana akija kwangu, mwezi wa kwanza simpi ua. Nampa mnyororo, ule wa ukingoni mwa mlango. Waongoza watalii wana hadithi nyingi kuhusu ule mnyororo. Miye najua kwamba kila pete yake inakugeuza mkono mara nne, na mwimo mmoja una pete nyingi mno.

BintiBobari

Hii robo nne nimeisoma mara tatu. Miaka sita nachonga, mikono ilikuwa inajua, kichwa kilikuwa hakijui.

Kigodoro77

Kumbe uzi huu kweli ni wa nyuzi.

MzeeWaMiimo

Na jambo jingine nimeliona kwenye ubao wa 11. Unaanza kwa kupiga patasi wima juu ya mstari wa penseli, sivyo? Usianze hivyo. Patasi ni kabari. Ukiipiga wima kwenye mbao ambayo haijachimbwa, taka haina pa kukimbilia, inakusukumia ukuta wa ua. Kwanza chimba mfereji nje ya mstari, uache kama milimita 2. Shusha uwanja. Ukishakaribia chini, hapo ndipo urudi kwenye mstari na kukata wima kwa kupunguza. Ukuta usiukate wima kabisa, uache umeegemea nje kidogo. Ukiuchimba kwa ndani mapema, ukingo utabaki hewani na utavunjika.

Kina: kwa ubao wa inchi 1, shuka milimita 6, usizidi kwanza. Ili upate usawa, chukua fito iliyonyooka, pitisha msumari katikati, ncha itokeze milimita 6. Telezesha juu ya ubao. Inapokwama pana kilima, inapoelea pana bonde. Na ile nyundo ya chuma mpe fundi bomba. Tafuta nyundo ya mti, ya mkwaju inafaa sana.

BintiBobari

Sasa niseme la taa, niliahidi.

Mwalimu, ulisema ule mlango ulipigwa na jua la saa kumi ubavuni. Umelijibu swali lako la tatu kwenye ujumbe wako wa kwanza. Nakshi ya kuinuka haina rangi, ina kivuli tu. Wewe unachonga chini ya taa ya dari inayofuta vivuli vyote, halafu unashangaa ua halionekani. Zima taa ya dari. Weka taa moja ya meza, chini, upande wa kushoto, mwanga uteleze juu ya ubao. Utaona kila kosa, utatamani kuiwasha tena ile ya dari.

Halafu andazi. Ua linakuwa andazi kwa sababu unachukua petali, unaipunguza kingo zote, unamalizia na msasa. Kila petali inatuna sawa na mwenzake, kila ukingo umelainika, kivuli hakina pa kukaa. Fanya kinyume: chukua bobari, ile patasi yenye ncha iliyopinda kama mfereji, ichimbe petali katikati iwe kama kijiko, ukingo uache mkali. Bonde na ukingo, bonde na ukingo. Mwanga unashika ukingo, giza linalala bondeni. Petali moja ikimpanda mwenzake, mshushe wa chini kweli, usichore tu mstari kati yao. Mimi huandika namba kwa penseli kabla ya kukata: 1 kwa ya juu kabisa, 2 inayofuata, 3 ya chini.

Nikishindwa kuelewa umbo, nalifinyanga kwanza kwa udongo. Udongo unarudishika, mbao hairudishiki.

Na msasa usiuguse mpaka kazi yote ya patasi iishe. Chembe zake zinabaki kwenye mbao, ukirudisha patasi zinakula makali uliyoyalia siku 12. Mimi siku hizi sipigi kabisa. Alama ndogo za patasi nazipenda, zinaonyesha mkono wa mtu.

Mwisho, vumbi. Vaa barakoa, hasa ukija kwenye mvule. Mimi ulinipa muwasho na kifua kikabana wiki nzima kabla sijajua ni wenyewe.

PatasiButu

Bobari ndiyo sina. Seti yangu ina moja pana tu. Za kuagiza bei yake ni karo ya muhula.

BintiBobari

Mwavuli uliovunjika unao? Zile mbavu zake za chuma zina mfereji ndani. Kata kipande, noa ncha, tia mpini. Ni bobari ndogo kabisa ya kuchorea mishipa ya majani. Za katikati nilimpa mhunzi springi ya gari. Na patasi nyembamba kabisa niliitengeneza kwa msumari wa zege. Patasi za kununua nilizozitumia kweli ni nne.

MkambaWaBandari

Springi ya gari ndiyo yenyewe. Nondo usijaribu, ni laini, haishiki makali. Nimewaona vijana wanatengeneza patasi za nondo, zinapinda kama ndizi.

MzeeWaMiimo

Na mwalimu, achana na petali nane kwa sasa. Chora la petali sita. Bikari ukishaifungua kwa nusu kipenyo, usiiguse tena, izungushe tu ukingoni, itajigawa mara sita yenyewe. Kule Lamu kazi nyingi za jiometri zinaanzia hapo hapo. Ukitaka nane baadaye, utagawa pembe.

PatasiButu

Mzee hili la bikari nimelifundisha darasani miaka 14 na sikuwahi kufikiri lina kazi nyingine.

PatasiButu

Ripoti ya wiki ya saba, wakuu. Nimechonga ua lile lile la petali sita mara 6. Tatu kwenye mninga, tatu kwenye jakaranda niliyoipata shuleni baada ya mti kukatwa tawi na kukauka miezi kadhaa stoo.

Ukweli wangu kuhusu ule ugomvi: jakaranda ilinifundisha umbo, mninga ulinifundisha kunoa. Nikianza upya ningeanza na jakaranda, samahani mzee.

Ukingo haukwanyuki tena, robo zote nne. Uwanja una usawa wa msumari. Nachonga usiku na taa moja kushoto, familia wanadhani tumekatiwa umeme. Tatizo jipya ni ncha za petali. Nne kati ya sita zinakaa, mbili zinavunjika kila mara, zile za juu na chini.

MzeeWaMiimo

Hapo nyuzi zinakatiza ncha. Nyuzi ni fupi, hazina cha kushikana nacho. Ua lizungushe kwenye mchoro ili ncha zile zisielekee moja kwa moja kinyume na nyuzi, au uzifanye nene, zilale juu ya jani au juu ya duara la nje. Tazama ile miimo uliyoiona, kila ncha inaegemea kitu. Na ncha uimalize mwisho, kwa kupunguza na mkono, bila nyundo.

Ya jakaranda nimesikia. Bwana wa Mombasa asijitape.

MkambaWaBandari

Sijasema neno. Nacheka tu kimya kimya.

Kigodoro77

Mwalimu ukimaliza unapaka nini? Vanishi?

BintiBobari

Vanishi nzito inajaza mabonde na inang'aa kila mahali, vivuli vyako vyote vinapotea. Mafuta ya kitani, mkono mwepesi, futa yaliyobaki, ngoja siku mbili, rudia. Kwa kitu cha ndani unaweza kumalizia na nta ya nyuki.

Ila sikilizeni hili: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Kinapokauka kinajitia joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kibiriti. Kitandaze kwenye kamba nje, au kilowekwe kwenye maji kabla ya kutupa. Karakana yenyewe imejaa vumbi la mbao, mnajua litakalofuata.

MjasiriaKinondoni

Sasa swali langu la kila siku. Hiyo kitu inauzwa bei gani?

PatasiButu

Haiuzwi. Meza ya chakula imeshahamishiwa uani pamoja na mimi. Nachonga fremu ya kioo cha mwenye meza, mawaridi 18 kuzunguka, mnyororo ukingoni. Nimefika la tisa. Picha hiyo hapo chini, taa ya kushoto.

BintiBobari

Mashallah. La nne na la tano yana bonde haswa. La kwanza bado lina harufu ya iliki kidogo, usilirekebishe, liache.

MzeeWaMiimo

Nimemwambia mjukuu aikuze picha. Kazi imekuja. Lakini mnyororo wa upande wa kulia, pete ya saba, robo ya chini kulia, umezunguka kama saa.

PatasiButu

Nimekwenda kuangalia na taa. Ni kweli. Niliitwa chakula katikati ya pete ile.